SAFU YA MWALIMU: Namba Tasa Iliyogunduliwa Jijini Mwetu

Wazazi kadhaa wametueleza kwamba mtoto arudipo na hesabu zenye neno "primtal", wao hunyamaza, wakidhani ni jambo la Kiswidi. La hasha! Hiyo ni namba tasa, ile ile ya madarasani kwetu: namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Tutazame bao la Kiswahili. Lina kete 64, kila mchezaji 32. Ukiondoa kete moja katika 32 zitabaki 31, nazo hazipangiki katika safu zilizo sawa, ila zikae zote katika safu moja au kila moja peke yake. Basi 31 ni tasa. Ukiondoa moja katika 64, zile 63 zitapangika safu 7 za kete tisa tisa. Si tasa. Sababu ipo: 32 ni zao la mbili tano, yaani 2×2×2×2×2, na 64 ni zao la mbili sita. Ukizidisha mbili kadhaa kisha ukatoa 1, jibu haliwezi kuwa tasa isipokuwa idadi ya mbili hizo nayo ni tasa. Hata hivyo, sharti hilo pekee halitoshi. Mbili 11 hutoa 2047, nayo ni 23×89, ingawa 11 ni tasa.

Mwaka 1957, hapa Stockholm, mwanahisabati Hans Riesel aliichunguza namba ya mbili 3217 kwa kompyuta ya Kiswidi iliyoitwa BESK. Akathibitisha kuwa ni tasa. Ina tarakimu 969, na hadi 1961 hapakujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2024 ilitangazwa nyingine yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, nayo ni ya ukoo ule ule: mbili nyingi, ukitoa 1.

Tarakimu ya mwisho ya namba ya Riesel tunaweza kuipata bila mashine. Mazao ya mbili huishia 2, 4, 8, 6, kisha hurudia. 3217 ukigawa kwa 4 hubaki 1. Kwa hiyo zao huishia 2. Toa 1: namba yenyewe huishia 1.

Wazazi wenzetu, msinyamaze. Mtoto aliyeelewa kigawo na baki kwa Kiswahili hahitaji kuelewa upya kwa Kiswidi. Anahitaji jina tu. Bali mtoto anayeona mzazi wake amekaa kimya hudhani lugha ya nyumbani haina elimu, na dhana hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa ni kazi.

Zoezi la mwezi: toa 1 katika zao la mbili saba. Je, ni tasa? Pangeni kete pamoja na watoto. Jibu tutalitoa toleo lijalo, Mungu akipenda.