PETE YA MAMILIONI, VIDOLE VYA VIDONDA: Wanaomcheka Huyu Dada Wameangalia Mikono ya Nyumbani Kwao?

Kuna msanii mmoja wa kike, jina lake linajulikana hadi vijijini ila leo halina haja ya kutajwa, ambaye wiki chache zilizopita alivalishwa pete na mchumba wake. Kama ilivyo kawaida ya mastaa, mkono ukanyooshwa, picha ikapigwa kwa karibu ili jiwe lionekane linavyong'aa, ikapandishwa mtandaoni na maneno matamu ya kumshukuru Mungu.

Hongera hazikukaa hata nusu saa. Mtu mmoja akaikuza ile picha, na kuanzia hapo macho yote yakahama kwenye pete yakatua kwenye vidole. Ngozi ya pembeni mwa kucha imechunika, dole gumba lina kidonda kibichi kabisa, vifundo vimepauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Basi ikawa sherehe! Wa kwanza akasema hiyo ni mikono ya mama ntilie. Wa pili akauliza kama jamaa amekosea akamvalisha dada wa kazi. Wa tatu akashauri pete iuzwe yanunuliwe mafuta.

Jioni picha ikafutwa. Kesho yake ikaja nyingine, mkono uleule, safari hii una kucha za bandia ndefu, nyeupe, kila kitu kimefunikwa. Watu wakasema eti sasa ndo staa.

Jamani, hapa kuna mambo matatu yamechanganywa kwenye sufuria moja na lazima yatenganishwe.

La kwanza ni hilo tusi la mama ntilie. Tangu lini mikono ya mama ntilie imekuwa tusi? Yule mama anaamka saa kumi alfajiri, anaosha masufuria kwa maji baridi, anamenya viazi, anakata pilipili na ndimu, anashika moto, halafu anarudi kwenye sabuni tena. Sabuni haichagui. Inavyoondoa mafuta kwenye sahani ndivyo inavyoondoa mafuta ya asili kwenye ngozi. Ngozi yenyewe ina asidi kidogo, sabuni nyingi za mche na za unga ziko upande wa pili kabisa, kwa hiyo kila anapozamisha mikono ule ukuta wa ngozi unabomoka kidogo. Maji yanakauka, ngozi inakakamaa, mwisho inapasuka. Mtu mwenye mipasuko hiyo akigusa ndimu anaruka kama amepigwa shoti. Na bado anakaanga chapati za watu asubuhi.

Wengi wanaocheka wamesomeshwa na mikono ya aina hiyohiyo. Ada ililipwa na mtu aliyefua nguo za majirani kwenye beseni mpaka vidole vikatoa damu. Leo mtoto ana simu nzuri, anaitumia kucheka vidole. Hiyo siyo akili.

La pili, na hapa wanaomsema wana hoja, ni kwamba huyu dada ni balozi wa losheni. Amewaambia mashabiki wake mara kibao kwamba siri ya ngozi yake iko kwenye kile kichupa. Kuna mabinti wamejinyima hela ya vocha wakakinunua. Sasa mtu akiona mikono ya balozi mwenyewe imepasuka, ana haki ya kuuliza. Kuuliza siyo wivu. Timu yake kujibu kwamba watu wana roho mbaya ilikuwa ni kukwepa swali la mteja.

Lakini jibu la kweli lilikuwepo, na lingemjengea heshima kuliko kufuta picha. Jibu ni jambo la tatu.

Ukiitazama vizuri ile picha, vile vidonda vya pembeni mwa kucha havijaletwa na ukavu peke yake. Ni vya kujichuna. Watu waliowahi kukaa naye karibu wanajua: akisubiri kupanda jukwaani, dole gumba liko mdomoni, au kidole kimoja kinamkwangua mwenzake taratibu bila yeye kujua, mpaka damu itoke. Ametoa wimbo, anasubiri namba, anachuna. Skendo imezuka, anachuna. Hakuna losheni duniani, hata iwe ya bei gani, itakayoponya ngozi inayonyofolewa kila siku.

Tabia hii wengi wanayo na wanaficha. Mwanafunzi anayesubiri matokeo anayo. Kondakta anayehesabu kama hesabu ya bosi itatimia anayo. Inaanza na kigozi kimoja kikavu kilichosimama pembeni mwa kucha. Mtu anakivuta ili kiwe sawa, kinachanika hadi kwenye nyama, kinapona na kuacha ukoko mgumu, vidole vinauona tena ule ukoko, vinaurudia. Ukavu unaleta kuchuna, kuchuna kunaleta ukavu. Mduara hauna mwisho.

Kwa wengine ni mazoea tu. Kwa wengine imevuka hapo, mtu anataka kuacha na hawezi, na anaficha mikono mfukoni hata mbele ya wakwe. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza hali hiyo kwenye kitabu chao cha magonjwa mwaka 2013 kama tatizo linalojitegemea. Hii haimaanishi kila anayechuna ni mgonjwa. Inamaanisha kumwambia mtu "acha uchafu" hakujawahi kumsaidia yeyote. Kelele zinaongeza wasiwasi, na wasiwasi ndo unapeleka kidole mdomoni. Wale waliomcheka huyu dada usiku ule, kuna uwezekano mkubwa walimfanya achune zaidi.

Na kucha za bandia siyo tiba. Ni pazia. Chini ya pazia kidonda kiko palepale, tena gundi na zile kemikali za kubandikia zinaweza kuwasha ngozi iliyochubuka, na wengine wanapata mzio kabisa. Bado vifaa. Yule kijana wa kusafisha kucha anayepita mtaani na kikapu chake, mkasi uleule umeshapita kwenye vidole vya watu wangapi leo? Homa ya ini aina ya B inaweza kupita kwenye vifaa vyenye damu ya mtu mwingine, hata damu isiyoonekana kwa macho. Mwenye vidonda pembeni mwa kucha aende na mkasi wake, au asubiri apone kwanza.

Sasa dawa iko wapi? Cha kushangaza ni kwamba ya bei rahisi ndo inafanya kazi. Mafuta ya mgando, yale ya kawaida kabisa anayopakwa mtoto mchanga, yasiyo na manukato. Siri iko kwenye muda wa kupaka. Mtu akishanawa ajifute kidogo tu, apake ngozi ikiwa bado na unyevu, maji yafungiwe ndani. Akisubiri mikono ikauke hadi ipauke ndo apake, amechelewa. Glisirini nayo ni nzuri, achanganye na maji kidogo. Usiku apake kwa wingi, avae soksi safi za pamba mikononi, alale. Atachekwa na mumewe siku mbili, siku ya tatu watagombania soksi.

Wa kufua na kuosha vyombo avae glavu, na yeye mwenye nyumba ndiye azinunue, asimwachie dada wa kazi. Jiki asiishike mikono mitupu. Kigozi kikisimama kikatwe na kikata kucha kisafi, kisivutwe kwa meno. Anayechuna bila kujijua afunge plasta kwenye kile kidole anachokipenda, kidole kikifika kikute plasta, akili inashtuka. Mikono ipewe kazi nyingine: tasbihi, mpira wa kufungia hela, kusuka nywele, chochote. Akirudia siku moja asijichukie, aanze upya. Ngozi inajijenga upya kwa wiki kadhaa, kwa hiyo uvumilivu unalipa.

Ila kidole kikivimba, kikapwita usiku na kutoa usaha, huyo ndo mdudu wa kidole. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanatuliza mwanzoni, lakini kikizidi ni hospitali, siyo kutoboa na pini. Mwenye kisukari asisubiri hata kesho. Na mikono inayowasha, yenye vipele vya maji na mipasuko isiyopona kwa mafuta, huenda ni pumu ya ngozi. Hiyo nayo inataka daktari, siyo cream za kuchanganya za mtaani. Zile zinachubua ngozi ambayo tayari inalia.

Turudi kwa staa wetu. Alikuwa na nafasi ya dhahabu. Angeiacha ile picha palepale, akaandika mstari mmoja tu kwamba anachuna vidole akiwa na wasiwasi na anajitahidi kuacha, ni mabinti wangapi wangeangalia vidole vyao wakajua hawako peke yao? Hata ile kampuni ya losheni ingepata mteja anayeamini, kuliko huyu wa sasa anayejiuliza amedanganywa mara ngapi.

Amechagua pazia, ni haki yake, na kwa kelele zile nani atamlaumu. Ila pete itavaliwa miaka mingi, Mungu akijalia, na kucha za bandia zinabanduka baada ya wiki mbili tatu. Siku zikibanduka, vidole vitakuwa vilevile, na mchumba atakuwa ameketi pembeni anaviona. Huyo alivishika kabla ya pete, na bado akaoa.

Wadau, nani ana mtu wa karibu anayejichuna vidole, na huwa mnamsaidiaje bila kumsema?