Rubani Yupo, Ila Yuko Chini

Kutoka roshani ya nyumba ninayoishi mtaani Fedha, huziona ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Jomo Kenyatta. Majuzi niliona nyingine ndogo ikivuma kama nyigu juu ya jengo linaloinuka ng'ambo ya barabara. Kijana aliyeiongoza aliniambia, bila wasiwasi, kwamba alijifunza kwa siku moja. Leseni ya nini, na hiyo ni ndege isiyo na rubani?

Hapo mwanaisimu aliye ndani yangu akashtuka. Jina hili, ambalo magazeti na redio zetu zimelikubali, ni la uongo. Rubani yupo, ameshuka tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinamtambua, zinamkataza kupita futi 400 bila idhini na zinalinda anga iliyo karibu na viwanja vya ndege. Na Fedha imo pua na mdomo na kiwanja kikubwa kuliko vyote nchini!

Sikipingi chombo chenyewe, la hasha. Mhandisi aliyefunzwa hukitumia kupimia rundo la mchanga, kukagulia ufa wa ukuta wa nje, au kutazamia paa ambalo fundi angelipanda kwa kuhatarisha shingo yake. Lakini picha huonyesha ngozi ya jengo tu. Desemba 2019 jengo la ghorofa sita liliporomoka Tassia, kwa majirani zetu hapa, na watu wakafa. Nondo ikikosekana ndani ya zege, hakuna jicho la angani litakaloliona pengo hilo. Mafunzo yasiyomwambia mjenzi hayo ni ya kuchezea.

Zanzibar walitutangulia. Tangu mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa kule walifunzwa kurusha vyombo hivi, wakashiriki kupiga picha za Unguja na Pemba ili ramani mpya zichorwe. Huku kwetu masomo ya urubani huu hutolewa kwa Kiingereza, ilhali mjengoni, kuanzia kwa msimamizi hadi kwa mbeba kokoto, kazi huendeshwa kwa Kiswahili. Vyuo vyetu vya ufundi vina walimu; vinakosa vitabu na istilahi, nasi wa idara za lugha tumelala. (Niliwapendekezea wanafunzi wangu “ndege ya rubani wa chini”. Walicheka.)

Nilimuuliza yule kijana ni mhandisi gani angezisoma picha zake. Akanijibu kwamba ni za mwenye ploti, za tangazo la kupangisha.