Tunamgeuza aliyeumizwa kuwa zimwi

Mwandishi, katika uchambuzi wako umeisifu kupita kiasi filamu ya The Hills Have Eyes ya 2006. Ule mtaa wa nyumba zilizojaa masanamu unatisha kweli, sibishi. Ninachokataa ni jinsi mwongozaji Alexandre Aja anavyowageuza wachimba madini waliodhurika na majaribio ya nyuklia, pamoja na vizazi vyao, kuwa wala nyama za watu. Aliyeumizwa anafanywa zimwi, aliyelipua bomu hata haulizwi.

Anayetaka kutishika hasa atafute picha halisi za majaribio ya nyuklia ya Nevada. Kwa ajili ya jaribio la Apple-2, Wamarekani walijenga nyumba jangwani, wakazitia samani, vyakula na masanamu ya kuonyeshea nguo, ya wakubwa na ya watoto, kisha tarehe 5 Mei 1955 wakalipua bomu la kilotani 29. Nyumba mbili zimesimama mpaka leo.

Lakini masanamu hayaugui. Waliougua ni watu wa sehemu kama St. George, jimbo la Utah, ambako upepo ulipeleka vumbi la mionzi huku serikali ikiwahakikishia kwamba hakuna hatari. Sheria ya kuwalipa fidia ilikuja mwaka 1990! Filamu ianzie hapo: mama anaanua nguo, redio inamwambia atulie, na vumbi limeshatua kwenye nepi za mwanawe. Hiyo ningeilipia kiingilio mara mbili.