Wanaolia Mbele ya Picha za Zamani Si Wajinga



Katika kikao kimoja cha shirika letu kulitokea jambo lililotuuma, na tukaomba nafasi katika kijitabu hiki ili tulijibu. Hatujibu kwa hasira. Sisi ni walimu wa sekondari, na miaka ya kazi imetufundisha hivi: kosa lisiposahihishwa ubaoni, mwanafunzi hulibeba mpaka kwenye mtihani.

Jambo lenyewe ni hili. Ajenda ilipokwisha, kijana mmoja aliyepita mikononi mwetu darasani alituonyesha picha za zamani za orkestra za Wazungu za miaka ya 60. Tuliona The Beatles mjini New York, tarehe 9 Februari 1964, katika televizyo ya Ed Sullivan. Vijana wanne, gitari tatu na ngoma. Wasichana wanapiga kelele, wanajishika vichwa, wanatoa machozi. Watu wote chumbani walicheka. Kisha kijana akaonyesha kitu cha pili: watu wa leo, wengine wazee wenye mvi, wanaangalia picha zile zile na machozi yanawatoka tena. Hapo kicheko kikazidi.

Mmoja wa wakubwa wetu akasimama: "Hii njo mila gani? Bazungu banalilia gitari, na siye tunapoteza wakati. Funga ile mashini!" Mashini ikafungwa.

Mzee mmoja tu hakucheka. Alisema polepole: "Hata siye tulilia vile, juu ya gitari ya Bosco. Sasa picha yetu iko wapi? Nani alitukamata picha?" Hakuna aliyemjibu. Watu walichukua kofia zao wakaenda.

Sisi tunasema wazi: swali la mzee yule ndilo lilistahili kuwa ajenda ya kwanza, na kikao kilifungwa mapema.

Tuanze na neno la mkubwa wetu, kwamba ile ni kitu ya Wazungu. Ni kweli waliokuwa wakipiga walikuwa Wazungu. Lakini muziki wenyewe walijifunzia kwa nani? The Rolling Stones wa Uingereza walichukua jina lao katika wimbo wa Muddy Waters, Mweusi wa Mississippi. The Beatles waliimba nyimbo za Chuck Berry, Mweusi wa St. Louis. Tukipanda juu zaidi, tunafika New Orleans, kwenye uwanja ambao watumwa walikusanyika siku za Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Uwanja ule mpaka leo unaitwa Congo Square. Watoto wetu waliopakiwa merikebuni hawakubeba sanduku. Walibeba mapigo ya ngoma. Mapigo yale yakazaa, yakajukuu, yakavuka bahari tena mpaka Liverpool na London. Kwa hiyo mkubwa wetu alipofunga mashini, aliwafungia mlango wajukuu wa mababu zake mwenyewe.

Tena kuna ushahidi wa macho. Mwezi wa kumi 1964, mjini Santa Monica, Marekani, ilipigwa filamu inayoitwa T.A.M.I. Show. Ndani yake James Brown anacheza na kuimba mbele, na Rolling Stones wanamfuata. Mtu yeyote mwenye macho anaona nani ni mwalimu na nani ni mwanafunzi. Miaka kumi baadaye, mwezi wa tisa 1974, James Brown huyo huyo alikuja Kinshasa, katika tamasha lililotangulia pigano la Ali na Foreman. Picha za tamasha lile nazo zilikaa stoo miaka na miaka. Filamu ya Soul Power ilitoka mwaka 2008 tu, na waliozitoa si sisi.

Neno la pili ni lile la kicheko: eti mtu mzima anayelilia picha ni mjinga. Hebu tuulize kwanza anaona nini. Angalia picha za Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965. Watu zaidi ya 55.000 uwanjani, na kelele zao zinameza muziki. Wapigaji wenyewe walikuwa hawajisikii. Diski haiwezi kukuambia jambo hilo, kwa sababu diski ilipigwa ndani ya studio, kwa utulivu. Mwaka uliofuata The Beatles waliacha kabisa kuzunguka na konseri. Anayeangalia picha anafahamu juu ya nini waliacha. Au angalia mkono: Paul McCartney anapiga kwa mkono wa kushoto. Kwa sikio peke yake hutajua kamwe. Wapenzi wa picha hizi hawalii tu. Wanahesabu vidole, wanaangalia kamba, viatu, jasho, nani anamwangalia nani kabla ya kubadilisha wimbo. Hayo ni masomo. Sisi tunaofundisha tungefurahi kama wanafunzi wangeangalia ramani ya Kongo kwa bidii ya namna ile.

Turudi nyumbani. Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, alikuwa anapiga gitari kwa vidole viwili, dole gumba na kidole cha shahada, na aliyesikia tu aliapa kwamba wapigaji ni wawili. Vijana wetu wanaojifunza gitari leo wanatuuliza: "Mwalimu, alikuwa anafanya je?" Tunawajibu kwa maneno, na maneno hayana vidole.

Neno la tatu ndilo linatukera zaidi. Wenzetu wanasema mila ni ile iliyotoka kwa mababu bila kubadilika, na kinachopigwa leo ni makelele. Basi wasikilize kisa cha Newport. Huko Marekani kulikuwa na tamasha la muziki wa asili, lenye walinzi wake wa mila kama sisi. Mwezi wa saba 1965, Bob Dylan alipanda pale na gitari ya umeme. Sehemu ya watu ilimzomea. Kwao alikuwa ameharibu asili. Picha zipo, kila mtu anaweza kuziona. Leo wanaziangalia kama hazina, na gitari ile ya umeme imekuwa ndiyo mila yenyewe. Na mwaka 1969, katika tamasha hilo hilo la Newport, nani alialikwa? Bosco wetu! Alipokelewa kama mtu wa asili. Lakini gitari yake, je, mababu wa Bunkeya ndio walioichonga? Hapana. Ilikuja na wageni, nasi tukaifanya kuwa yetu. Kama wazee wa wakati ule wangefanikiwa kuikataza, leo tusingekuwa na Bosco, wala Edouard Masengo, wala Losta Abelo wa kujivunia. Mila ni mto: maji yanapita, jina la mto linabaki.

Hatusemi kila cha zamani ni kitamu. Picha hazibembelezi mtu. Tarehe 6 Desemba 1969, huko Altamont, California, Rolling Stones walipiga mbele ya umati mkubwa, na kijana Mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, akachomwa kisu akafa karibu na jukwaa. Kamera ilikuwa pale, na filamu ya Gimme Shelter inaonyesha. Kwa hiyo mtu akija kutuambia kwamba miaka ile ilikuwa amani na maua tu, picha inamsahihisha. Ndiyo sababu nyingine ya kuzitunza: masimulizi yetu sisi wazee hupenda kujipaka mafuta.

Sasa tuwape wapinzani wetu haki yao. Wanaogopa kwamba vijana wetu wanayajua majina ya wale wanne wa Liverpool kuliko jina la Masengo. Ni kweli, na sisi tunaliona darasani. Lakini dawa siyo kufunga picha za wengine. Kijana anakijua alichoonyeshwa. Yao yanaonekana, yetu hayaonekani. Huo ndio ugonjwa.

Wengine watajibu: "Yao yamebaki kwa sababu Wazungu wanajua kutunza." Hapana, wapendwa! Tarehe 16 Juni 1966, The Beatles walitokea studio ya BBC katika Top of the Pops. Walikuwa watu wanaojulikana dunia nzima. Pamoja na hayo, BBC haikuitunza bande ile. Ikapotea, kama nyingine nyingi za wakati ule, maana bande zilikuwa ghali na zilifutwa ili zitumiwe tena. Mwaka 2019 kilionyeshwa kipande cha sekunde 11, bila sauti. Kilitoka wapi? Siyo ofisini. Kilitoka katika nyumba moja ya watu wa kawaida, waliogeuzia televizyo yao kamera ndogo wakakamata picha. Sekunde 11, na wapenzi walishangilia kama watu waliomwona ndugu yao amerudi kutoka vitani.

Hapo ndipo somo liko. Shirika kubwa lenye mali lilipoteza. Jamaa yenye kamera ndogo ikaokoa. Tusingoje serikali, tusingoje mgeni. Mgeni alikwisha kuja: mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Bosco Jadotville, yaani Likasi ya leo, akarekodi wimbo wa "Masanga". Tunamshukuru. Lakini maktaba aliyoianzisha iko Afrika Kusini, na mtoto wa Likasi anayetaka kusikia babu zake vizuri ni lazima abishe hodi kwa watu. Bosco mwenyewe alifariki mwaka 1990. Vidole vile haviko tena.

Kwa hiyo tunaiomba komite, tena kwa heshima, mambo manne. Moja: kila jamaa ifungue masanduku na kutafuta picha, kaseti, diski na filamu za orkestra, za arusi, za matanga, za ngoma za kijijini. Pili: kila picha iandikwe nyuma jina la watu, fasi na mwaka, wakati bado kuna anayewatambua. Tatu: kila kitu kinakiliwe mara mbili na kukaa katika nyumba mbili, maana moto na mvua haviulizi ruhusa. Nne: vijana wenye telefone wapelekwe kwa wazee wanaopiga gitari, likembe na karindula, wakamate picha ya mikono, siyo ya nyuso tu. Na siku ile mzee asizomewe, hata kidole kikikosa kamba.

Tena kile kijana aliyefungiwa mashini aitwe, aombwe radhi mbele ya kikao. Yeye alituletea kioo. Sisi tukacheka sura iliyokuwa ndani.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee wetu bado anangoja jibu. Ana miaka mingi. Tusimjibu matangani.