Daftari la Wiki: Msiba ukiisha, wimbo anabaki nao nani?

Mwanamuziki Mandojo alifariki hapa Dodoma Agosti 2024, na kwa siku kadhaa swali lilikuwa moja tu: amekufaje? Lilikuwa swali la haki na ndugu zake walistahili jibu. Lakini kijana wa miaka ishirini ambaye hakuwahi kumsikia Mandojo aliondoka na habari ya kifo, basi. Aliambiwa ni yule wa Mandojo na Domokaya, walioimba “Nikupe Nini”, kisha mazungumzo yakarudi palepale kwenye mauti. Novemba mwaka huohuo akafariki King Kiki jijini Dar es Salaam. Yeye alikuwa mzee aliyekwishaheshimiwa, na rambirambi zilitoka kila upande, hata kwa wakubwa. Hata hivyo, mtu aliyefanya kazi ya muziki kwa miongo mingi, Kongo na Tanzania, alifupishwa kuwa wimbo wa “Kitambaa Cheupe” na picha moja inayozunguka kwenye simu. Wiki ikaisha, akaja marehemu mwingine.

Kwenye kuzika hatujambo. Kamati inaundwa usiku uleule, michango inapitishwa, mabasi yanapatikana, na hata waliokuwa hawasalimiani na marehemu wanashika jeneza. Ninachobisha ni dhana kwamba tukishafanya hayo tumemkumbuka mwanamuziki. Mwanamuziki ameacha kazi, na kazi hiyo ina maswali yake: inapatikana? Ikipigwa, mwenyewe anatajwa? Warithi wake wanapata chochote? Nayauliza kwa sababu mji huu unaoitwa makao makuu umelea wanamuziki wakubwa kuliko unavyojisifia, na karibu wote wamebaki kuhesabiwa kuwa mali ya Pwani.

Patrick Balisidya ni mtoto wa Mvumi, mkoani Dodoma, alizaliwa 1946. Aliunda Afro 70, bendi iliyoiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, na mwishoni mwa muongo huo akarekodi na Waswidi wa bendi ya Archimedes Badkar albamu ya “Bado Kidogo”. Alifariki Agosti 2004. Wimbo wake wa “Harusi” hadi leo unapigwa ukumbini bibi harusi akiingia, na watu wa rika zote wanaufuata kwa mdomo. Muulize MC ni wa nani, atakwambia ni ule wa zamani. Kwenye flashi ya DJ utaukuta umetupwa kwenye kapu la zilipendwa, bila jina wala mwaka. Yupo atakayesema hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, wimbo kupendwa mpaka ukawa wa watu wote. Kwa wimbo wenyewe nakubali. Ila anayeupenda bila kumjua mtunzi hana njia ya kuifikia “Dirishani”, wala hatajua kwamba nyuma ya wimbo ule wa sherehe kulikuwa na mpiga gitaa mwenye mawazo mapana kuhusu muziki. Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda haki za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kazi za Balisidya zinalindwa hadi 2054. Ukumbi unamlipa mpishi, unamlipa mpambaji, unamlipa MC. Mtunzi wa wimbo uliomliza mama wa bibi harusi, hapana.

Kwa Hukwe Zawose mambo yana sura nyingine. Alitoka kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma, akajifunza kwa wazee wake zeze, ngoma na ilimba. Ilimba ya Wagogo yataka kutazamwa kwa karibu: ni sanduku la mbao lenye vijiti bapa vya chuma, na si vyote vinavyoguswa na vidole; vingine vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe wenzao wakipigwa. Tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui, ndipo hupatikana ule mlio wa kuvuma ambao mgeni hudhani ni spika mbovu. Juu ya mvumo huo Zawose aliweka sauti iliyoweza kupanda mpaka ukadhani ni ya mwanamke, kisha ikashuka kifuani. Mwalimu Nyerere alimpenda, akaitwa Dar es Salaam, na baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo. “Tanzania Yetu” ilitolewa Uingereza mwaka 1985. Huko huko kampuni ya Real World ikatoa “Chibite” mwaka 1996 na “Assembly”, aliyoifanya na Michael Brook, mwaka 2002. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na mwaka uliofuata akafariki Charles Zawose, mpwa wake aliyepiga naye dunia nzima. Kwa hiyo mtu wa Doduma alifia Pwani, na santuri zake ziko Ulaya. Hata rekodi za Wagogo alizochukua Hugh Tracey mwaka 1950 zinatunzwa Afrika Kusini. Mtafiti wa Dodoma anayetaka kusikia babu zake walivyoimba lazima atafute nje ya nchi.

Hapa ndipo hoja nzito zaidi dhidi yangu inapojitokeza. Muziki wa Kigogo, watasema, ni wa jamii. Ngoma ya muheme ni ya akina mama wote, mtindo wa nindo ni wa kijiji. Ukimkweza Zawose peke yake unawapora wengine. Na ni kweli kwamba Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo linalokusanya vikundi vya vijijini, na hiyo ni kazi ya maana ambayo mji mkuu haujaipa uzito wake. Lakini hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Jamii ndiyo yenye mtindo, na sheria ileile ya 1999 ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi. Mtu ndiye mwenye kilichoongezwa. Zawose hakuipokea ilimba akaiacha kama alivyoikuta. Aliikuza, akaipeleka majukwaani ambako haikuwahi kufika, akaiimbia siasa ya nchi changa. Tukisema yote ni ya jamii tunapoteza uwezo wa kuona nani alibadilisha nini. Na mwenye kuisikiliza familia yake mwenyewe atapata jibu. Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa “Maisha” kwa jina la The Zawose Queens. Wanawake waliozoeleka nyuma, kwenye ngoma na kuitikia, sasa wako mbele na ala ambazo zilikuwa za wanaume. Huko si kumwiga marehemu. Wameendeleza kazi kwa kuibishia kidogo, na sijui kumbukumbu iliyo bora kuliko hiyo. Kasoro yake ni kwamba nayo imetoka kwa kampuni ileile ya Uingereza.

Vijana wa miaka ya 2000 wanaudhihirisha upungufu huu kwa namna inayouma zaidi. Albert Mangwair alizaliwa Mbeya na kuzikwa Morogoro, kwa hiyo wapo wanaokataa kumwita wa Dodoma. Lakini alikulia na kusoma hapa, na ni Dodoma iliyomtoa yeye na wenzake wa Chamber Squad. Rapa huhesabiwa alikojifunza kushindana. Alifariki Johannesburg Mei 2013 na umati ukamuaga kwenye viwanja vya Leaders, Dar es Salaam. Mez B wa kundi hilohilo akafariki hapahapa Dodoma Februari 2015, kwa kishindo kidogo mno. Mangwair ana “a.k.a. Mimi”, albamu itakayodumu. Ila waliomsikia wanakubaliana kwamba ukubwa wake ulikuwa kwenye mitindo huru, mistari aliyoitunga papo hapo mbele ya watu. Mistari hiyo mingi haikurekodiwa, kama ambavyo nyimbo nyingi za wapiga zeze wa Doduma hazikurekodiwa. Tofauti ni kwamba mpiga zeze aliwafundisha watoto, na rapa hakuwa na mwanafunzi wa kuketi naye jioni. Kazi yake ilihitaji kinasa sauti na mtu wa kuandika tarehe. Na kwa kuwa marehemu kwetu hasemwi vibaya, hata tathmini ya kweli imekosekana: ni wimbo gani ulikuwa dhaifu, upi ulimfungulia nani njia. Sifa tupu zinawafanya marehemu wote wafanane.

Nitaambiwa siku hizi kila kitu kipo YouTube. Kipo, ndiyo, kimepandishwa na mtu asiyejulikana, mwaka umekosewa, mpiga besi hayupo, fundi mitambo hayupo kabisa, na kama kuna senti inamwendea aliyepandisha. Kupatikana kwa namna hiyo ni afadhali kuliko kukosekana, lakini tusikuite hifadhi. Wengine watasema mji una shida ya maji na barabara, muziki usubiri. Ningekubali kama ningekuwa naomba jumba la makumbusho. Sijaomba hata sanamu. Sanamu za wanamuziki mara nyingi hazifanani nao.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Familia za marehemu hawa na wengine wa Kanda ya Kati zihakikishe kazi zimesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina la mtunzi na la mrithi, kabla hajatokea mjanja wa kudai ni zake. Vyuo vyetu vikuu, UDOM na St John's, viwatume wanafunzi wakawahoji wapiga ala wakiwa wangali hai, tena sasa. Nanyi watangazaji wa redio za Dodoma, tarehe 30 Desemba ijayo pigeni ilimba ya Zawose asubuhi na “Harusi” ya Balisidya mchana, na kila wimbo ukiisha mtaje aliyetunga, waliopiga na mwaka.