Miji Yenye Rangi na Adabu za Msafiri



Kijana mmoja wa Kaengesa, huku kwetu Ufipa, ametuletea swali ambalo tumeona si lake peke yake. Ameuza mahindi yake, na moyo umemshika hamu ya kwenda kuitazama miji yenye rangi aionayo katika picha. Baba yake ampinga, akisema kwamba fedha ya jasho haitupwi kwa kutazama kuta. Je, ni nani mwenye haki kati yao?

Twajibu kwamba kila mmoja ana fungu lake. Kurani Tukufu yatuhimiza tutembee katika ardhi tuzingatie mambo ya waliotutangulia. Na katika Sura ya Rum, tofauti za lugha na rangi zetu zimetajwa kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Basi kutembea si upuuzi. Upuuzi ni kwenda na kurudi mtupu kama ulivyotoka.

Tuanze na mji wa karibu. Kijana huyu aweza kupanda basi Sumbawanga, akapita Laela, Tunduma na Mbeya hata Dar es Salaam, kisha akavuka bahari kwenda Unguja. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na milango yake ya nakshi ni fahari ya mafundi seremala. Lakini atazame pia Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Hapo atajifunza kwamba uzuri usiotunzwa kwa wakati wake huanguka.

Wa pili ni Harar, katika Ethiopia. Amir Nur aliuzungushia ukuta katika karne ya 16, na ndani ya ukuta huo imo misikiti 82. Vichochoro vyake ni vyembamba, na kuta zimepakwa rangi ya buluu, kijani na waridi. Hata hivyo pambo kubwa li ndani ya nyumba, ambamo wanawake hutundika ukutani vikapu vya rangi walivyosuka kwa mikono yao wenyewe.

Wa tatu ni mtaa wa Bo-Kaap, mjini Cape Town. Wahenga wa Waislamu wa huko wengi wao walikuwa watumwa na wafungwa walioletwa na Waholanzi kutoka nchi za Asia na za Afrika. Msikiti wao wa Auwal ulianzishwa mwaka 1794, na imamu wake wa kwanza, Tuan Guru, alikuwa amefungwa kisiwani Robben, naye hukumbukwa kwa kuandika msahafu kwa hifadhi ya moyo. Leo nyumba zao za rangi huvuta wageni wengi, na bei za nyumba zimepanda hata wenyeji wakaogopa kuhamishwa na fedha. Mwaka 2018 waliandamana kuutetea mtaa wao, na mwaka 2019 mji ukauwekea sheria ya kuuhifadhi.

Basi, kijana wetu, kuta hizo zina wenyewe. Mgeni abishaye hodi, atoaye salamu na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha huondoka na udugu. Asiyefanya hivyo huondoka na picha tu.

Ama juu ya fedha, baba yako amenena kweli kwa upande mmoja. Toa kwanza zaka ya mavuno, nayo ni moja katika kumi kwa shamba la mvua likifikia nisabu. Lipa deni. Usiwaache wazazi na ndugu zako katika dhiki. Kitakachobaki ni halali yako, na Unguja yakutosha kwa mwanzo. Urudipo, keti na mzee wako umsimulie ulichojifunza, kisha muulize habari za tanuri za chuma za wahenga wa Kifipa. Huenda ukaona kwamba naye ana mji wa kukutembeza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze wasafiri wetu na kuwarejesha salama. Amin.