Kabla ya Kumwita Mtu Kibaraka, Tuulize Nani Alimfungia Mlango



Kuna neno ambalo mazungumzo yetu ya siasa za nyumbani hayaishi bila kulitaja. Neno hilo ni kibaraka. Ukimkosoa rais, wewe ni kibaraka wa mabeberu. Ukimsifu, wewe ni kibaraka wa chama. Na ukiishi Burnsville, ukalipa kodi Marekani, halafu ukatoa maoni kuhusu Katiba ya Tanzania au bajeti ya Kenya, basi wewe ni kibaraka mara mbili. Leo naomba tulichambue neno hili kwa kupitia mlango ambao wengi hawautarajii: zile hadithi za kubuni za wavamizi kutoka sayari nyingine, na za binadamu wanaoamua kuwatumikia wavamizi hao dhidi ya binadamu wenzao.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watoto. Mimi nasema hadithi hizo zimetufikiria sisi kuliko tunavyojua. Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu chake cha The War of the Worlds, ambamo watu wa sayari ya Mars wanaivamia Uingereza kwa silaha zisizo na mfano. Katika sura ya kwanza kabisa Wells anawakumbusha wasomaji wake jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Kwa maneno mengine aliwaambia Waingereza: hebu leo ninyi muwe wenyeji. Na ndani ya kitabu hicho yumo askari anayetabiri kwamba wavamizi watawafuga baadhi ya binadamu, na wengine watawafundisha kuwawinda wenzao.

Tangu hapo mhusika huyu hajaondoka. Katika filamu ya televisheni ya V ya mwaka 1983, wageni wanashuka wakiahidi urafiki, wanaanzisha jeshi la vijana, na kijana mmoja asiye na mbele wala nyuma anapewa sare na bastola. Anaanza kutembea kifua mbele, kisha anaichongea familia ya jirani iliyofichwa nyumbani kwao. Katika riwaya ya Mchina Liu Cixin, The Three-Body Problem, mambo ni mazito zaidi. Mwanasayansi Ye Wenjie alishuhudia baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa na vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni. Miaka baadaye anapokea ujumbe kutoka sayari nyingine unaomwonya asijibu, kwani akijibu dunia yake itatekwa. Anajibu.

Angalieni tofauti. Yule kijana alitaka aonekane mtu. Yule mama alikata tamaa na watu. Lakini wote wawili walikuwa wameshaandaliwa nyumbani kabla mgeni hajatua. Hii ndiyo hoja yangu, na sasa naomba tutoke kwenye hadithi tuingie kwetu.

Mwaka huo huo wa 1898 ambao Wells alitoa kitabu chake, tarehe 19 Julai, Mtwa Mkwawa wa Uhehe alijiua kwa risasi ili asikamatwe na Wajerumani. Miaka saba kabla, tarehe 17 Agosti 1891, aliwashinda pale Lugalo na kamanda wao Zelewski akauawa. Sisi sote tumesoma habari hizi shuleni kama hadithi ya Mwafrika dhidi ya Mzungu. Lakini shuleni hatukuelezwa vizuri kuhusu Wasangu. Wasangu, chini ya ukoo wa Merere, walikuwa wameshapigwa na Wahehe na kufukuzwa katika makao yao kabla bendera ya Mjerumani haijafika Iringa. Mjerumani alipokuja, kwao hakuwa mvamizi wa kwanza, alikuwa wa pili. Wakaungana naye, naye akawasaidia kurudi Utengule. Je, hao ni wasaliti? Walimsaliti nani? Hakukuwa na Tanganyika wakati ule. Kulikuwa na jirani aliyewatoa nyumbani, na mgeni aliyeahidi kuwarudisha.

Tena tumtazame Mpangile, ndugu yake Mkwawa mwenyewe. Alijisalimisha, na mwishoni mwa 1896 Wajerumani wakamsimika kuwa mtawala wa Wahehe badala ya nduguye. Haikupita miezi mingi wakamuua, mwanzoni mwa 1897, kwa tuhuma kwamba alikuwa akimsaidia Mkwawa kisirisiri. Dola ya kigeni ina tabia hiyo. Inakupa kiti, lakini haikupi imani. Ukishawageuka wa kwenu mara moja, bwana wako mpya anajua unaweza kugeuka tena.

Sasa tusijifanye watakatifu sisi watu wa pwani na wasemaji wa Kiswahili. Wajerumani walipotaka kutawala bara walihitaji watu wanaojua kusoma na kuandika, wakawachukua watu wa pwani na kuwafanya maakida. Akida ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyesimamia shamba la pamba, ndiye aliyeamuru viboko. Vita vya Maji Maji vilipolipuka Umatumbi mwezi Julai 1905, hasira ya kwanza ya wananchi haikumfikia Kaiser kule Berlin. Iliwafikia maakida na maaskari. Na wengi wa askari waliochoma vijiji na ghala za chakula kuzima vita hivyo walikuwa Waafrika. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanafika watu 250,000 hadi 300,000. Kiswahili hiki ninachokiandika, ambacho baadaye Mwalimu Nyerere alikitumia kuunganisha taifa, kilipanda bara kwa nguvu zaidi kikiwa mfukoni mwa akida. Ukitaka kung'oa kila kilichoguswa na kibaraka, anza na ulimi wako.

Twende Kenya. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na Waingereza wakaunda kikosi cha homugadi, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliopewa silaha kuwawinda Mau Mau. Tuchukue mfano wa Lari, ambako usiku wa tarehe 26 Machi 1953 nyumba za watu waliokuwa upande wa serikali zilichomwa na watu wengi wakafa, kisha nao homugadi na vyombo vya serikali wakalipiza kisasi kwa kuua wengine wengi. Ukifukua chini ya majivu yale unakuta shamba. Serikali iliwatoa watu Tigoni ili kuwapisha walowezi, ikawapa ardhi Lari. Chifu Luka alikubali na akapata, waliokataa wakabaki mikono mitupu. Mgeni hakuleta chuki kwenye meli. Aligawa ardhi vibaya, akakaa pembeni, akasubiri.

Na malipo yalikuwepo, tusidanganyane. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha utiifu. Wakati ardhi inapimwa na kuunganishwa upya, wengi wa waliokuwa kizuizini hawakuwepo kutetea mipaka yao. Kwa hiyo uhuru ulipofika mwaka 1963 kulikuwa na watu walioanza mbio mita hamsini mbele ya wenzao, na Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alikuwa kaburini bila alama. Huu ni uchungu wa kweli, na sitaki mtu aseme nautetea. Kuelewa kwa nini mtu alifungua mlango si kumsamehe kwa kilichotokea baada ya mlango kufunguka.

Lakini hapo hapo Kenya, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alitupa onyo katika riwaya yake ya mwaka 1967, A Grain of Wheat. Kijiji kinamshuku Karanja, yule aliyevaa sare ya homugadi hadharani, kwamba ndiye aliyemuuza mpiganaji Kihika. Kumbe aliyemuuza ni Mugo, mtu ambaye kijiji kizima kinamwona shujaa na kinataka ahutubie sherehe za uhuru. Sare inaonekana kwa macho. Usaliti hauonekani.

Mtaniuliza haya yote yanahusu nini Burnsville. Yanahusu sana. Sehemu hii tunayoishi, kusini ya Mto Minnesota, ilikuwa na kijiji cha Wadakota cha chifu aliyeitwa Black Dog, na jina lake bado lipo pale mtoni. Mwaka 1862 malipo ya ardhi waliyoiuza kwa mkataba yalichelewa, njaa ikawabana, vita vikazuka. Tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja kule Mankato. Wake, watoto na wazee wapatao 1,600 walifungiwa kambini Fort Snelling majira yale ya baridi, na ninyi mnajua baridi ya huku. Wapo Wadakota waliopinga vita, wapo waliowaokoa wazungu, na wapo waliokubali kuwa maskauti wa jeshi la Marekani dhidi ya ndugu zao. Mwaka 1863 Bunge la Marekani likafuta mikataba ya Wadakota kwa jumla, ikiwemo ya makundi ambayo wengi wao hawakuunga mkono vita. Mpangile angewaeleza.

Leo kwenye eneo hilo hilo la Fort Snelling limesimama jengo la Whipple, ambako wengi wetu tumewahi kuitwa kwa mambo ya uhamiaji. Na hapa kuna kichekesho. Kiingereza cha Marekani kinatumia neno moja, "alien", kwa kiumbe wa sayari nyingine na kwa fundi, nesi au dereva wa lori kutoka Mwanza au Kisii. Namba zetu za uhamiaji zinaanza na herufi A kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kwa watu wa huku sisi ndio tulioshuka na chombo, na kwa watu wa nyumbani sisi ndio tuliopanda chombo tukajiunga na wavamizi.

Anayeapa kuwa raia hapa anatamka kwamba anaacha utiifu kwa dola yoyote ya nje. Kenya ilikubali uraia pacha katika Katiba ya 2010. Tanzania bado haijamkubalia mtu mzima uraia wa nchi mbili, halafu huyo huyo anaambiwa aliikana nchi. Hebu tujiulize: nani alimfungia nani mlango?

Binafsi siamini kwamba kiapo kinamfanya mtu msaliti. Mtu anaweza kula kiapo na bado akawa anamsomesha mdogo wake, anachangia msiba, na anatafsiri kwa uaminifu maneno ya mama aliyesimama mbele ya hakimu bila Kiingereza. Usaliti tunao, lakini upo mahali pengine. Yule anayeinua simu kumchongea mwenzake kwa maafisa wa uhamiaji kwa sababu ya ugomvi wa upatu, au mke, au deni la dola mia tano, huyo ndiye kijana wa ile filamu ya 1983. Hana kiapo wala sare. Ana kinyongo na namba ya simu. Na mara nyingi tunakaa naye meza moja kwenye harusi, tunamwachia na kipaza sauti.

Watawala wetu nao wanalipenda neno hili kwa sababu linawafanyia kazi. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia bungeni kupinga Muswada wa Fedha, Rais Ruto alilihusisha tukio hilo na uhaini, na mwezi uliofuata akaishutumu Ford Foundation ya Marekani kwa kufadhili vurugu, shutuma ambayo taasisi hiyo iliikanusha. Aprili 2025 Tundu Lissu alifunguliwa mashtaka ya uhaini Tanzania. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, Rais Samia alipokuwa akiapishwa alisema baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Sisemi mataifa ya nje hayana mikono mirefu. Yanayo, na historia niliyoieleza ni ushahidi. Ninachosema ni kwamba mkono wa nje hushika mahali penye mpini, na mpini huo tunauchonga wenyewe: kijana bila kazi, familia iliyonyang'anywa shamba, mzazi aliyenyimwa hata maiti ya mwanawe azike.

Serikali inayoogopa vibaraka ina dawa mbili. Ya kwanza ni kuwasaka, na hiyo haina mwisho, maana kila unayemdhulumu katika msako unamtengeneza kuwa wa kesho. Ya pili ni kuwarudishia watu walichonyang'anywa. Mkwawa alikuwa shujaa, hilo halina ubishi. Lakini laiti Wasangu wangekuwa na amani ya kukaa Utengule, Mjerumani angepata shida zaidi kupata mshirika.

Na sisi wa huku, tukitaka kumwita mtu kibaraka, tuwe na majibu ya maswali matatu kwanza. Nani aliumia kwa alichokifanya? Yeye alifaidika nini? Na kabla hajaenda kwa mgeni, alibisha hodi kwa nani akakosa kufunguliwa? Ukiwa na majibu yote matatu na bado neno linamfaa, liseme kwa sauti, mimi nitakuunga mkono. Ukiwa huna hata moja, basi unarusha jiwe gizani, na gizani wapo watu wetu.

Naomba kutoa hoja.